Nesi na Mkanda Uliobaki Jiweni

Siku tuliyomzika Nesi, watu walisema kila kitu isipokuwa Jiwe. Walisema alizalisha nusu ya Masinga, na hilo ni kweli, hata mimi wanangu alinizalisha yeye akinigombeza mwanzo mwisho. Walisema alikuwa mcha Mungu, msafi, mkali kwa wazembe. Katekista alisoma wasifu wake mpaka jasho likamtiririka, na neno kamba halikutoka kinywani mwake hata kwa bahati mbaya. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya hema nikiuma midomo. Sisi watu wa huku tukiamua kusahau jambo tunalisahau kwa adabu sana. Adabu hiyo mimi sina, kwa hivyo wacha niseme.

Nesi alikuwa mpanda majabali. Si kile kilima cha kutembea na fimbo huku ukila miwa. Nasema jiwe lililosimama wima, mahali ambapo ukichungulia chini unaona mgongo wa tai akiruka. Alipanda akiwa tayari anaitwa nyanya na watoto wa jirani. Alivaa sketi ndefu juu ya suruali kwa sababu ya macho ya watu, na tukishapita lango la kule Jiweni aliivua akaikunja vizuri akaiweka kwa kiondo. "Mungu ananijua," alikuwa akisema, "na tai hawaendi kanisa."

Mimi ni msusi. Nina saluni Katangi, chumba cha mabati chenye kioo kilichopasuka pembeni. Nesi aliingia siku moja akikimbia mvua. Hakutaka kusukwa. Nywele zake alizifungia chini ya kitambaa cheupe miaka yote niliyomjua, na ukimuuliza kwa nini anakuangalia kama umemuuliza mshahara. Alisimama akinitazama nikisuka mteja, kisha akaja akanishika mkono, akakunja kidole kimoja kimoja kama anayetafuta mfupa uliovunjika, akasema, "Hivi vidole vinapotea hapa. Jumamosi uko na kazi?" Nikamwambia Jumamosi ndiyo siku yenyewe ya msusi. "Basi Jumatatu." Na Jumatatu nikaenda, wee! Hadi leo sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuvisifu vidole vyangu.

Jiwe lenyewe liko upande wa Kivaa, mbali na barabara. Pikipiki inakuacha njiani, unatembea kwenye miiba mpaka suruali inalia, ndipo unaliona limesimama na maji ya bwawa yanang'aa huko chini nyuma yake. Halipandwi na kila mtu. Ardhi ile ni ya ukoo mmoja, na kule juu kabisa ni ithembo lao, mahali ambapo babu zao walikuwa wanatoa sadaka wakiomba mvua. Kuna ua wa waya, kuna lango, na langoni kuna mzee wa ukoo, sisi tulimwita Mzee wa Lango tu. Yeye ndiye aliyekubaliana na Nesi zamani. Masharti yalikuwa machache: ukoo ukiwa na maiti ambaye hajazikwa, hakuna kupanda. Kule juu hakuna kupiga kelele. Na kwa jiwe hakuna kupigilia msumari, hakuna kuacha kitu. Ukitoka, Mzee anakuuliza, "Mmeacha nini?" na mkubwa wenu anajibu, "Hatujaacha kitu," kisha mnapindua viondo mbele yake aone kila kitu kimerudi.

Kwa Nesi sharti hilo halikuwa mzigo. Ndivyo alivyofundishwa kupanda na daktari mgeni aliyefanya kazi zahanati enzi hizo, akaondoka akamwachia kamba. Anayetangulia anapanda na kamba kiunoni. Akipata ufa kwenye jiwe anasokomeza ndani kijiwe kilichookotwa mtoni, kile kinachokaa sawasawa, anazungushia mkanda, anaunganisha mkanda na pete ya chuma, kamba inapita ndani ya pete, na aliye chini anaishika. Akiteleza, hicho kijiwe na huo mkanda ndio vinamwokoa. Anayefuata nyuma anang'oa kila kitu. Hata vijiwe Nesi alivirudisha mtoni, akavitupa kimoja kimoja majini na kunawa mikono.

Sasa nieleze mapema jambo ambalo limenikalia kooni, msije mkapotea. Kuna mkanda mmoja ulibaki.

Nesi alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana, fundi wa pikipiki pale Katangi. Alianguka Jiweni, mama yake mwenyewe akiwa ameshika kamba chini. Mkanda wa juu kabisa aliouweka ulibaki kwenye ufa, na pete ya chuma ilirudi chini kwenye kamba ikiwa tupu. Hapo kuna maelezo mawili, hakuna la tatu. Ama mkanda ulikatika, ama kijana hakuufunga vizuri kwenye pete. Na mikanda yote ilikuwa ya Nesi, aliishona kwa mkono wake. Ukisimama chini hata na darubini unaona kitambaa cha buluu kikipepea, hujui kama ni kizima au kimekatika. Nesi alisema kijana hakufunga. Alisema hivyo siku ya mazishi, kwa mikrofoni, mbele ya watu wote wa parokia: mtoto wangu alikunywa jana yake kwenye harusi, na mke wake akamwachilia aje kwa jiwe na pombe kichwani.

Mke wake tunamwita Mama Mutheu. Ni mteja wangu. Alisimama pale kaburini na mtoto mgongoni akasikia hayo, na hakuna aliyemtetea.

Lakini ngoja nimalizie habari za huyu mama, maana mkiishia hapo mtamchukia, na mimi sikumchukia.

Alikuwa msafi kupita kiasi. Kwake uchafu ulikuwa adui mwenye jina. Ukimtembelea alikunawisha kabla hajakusalimia. Muthokoi wake, yale mahindi ya kukobolewa, ulioshwa mpaka ukakosa ladha. Mikanda aliishona kwa uzi mnene, mishono midogo ya karibukaribu, vile anavyomshona mama aliyechanika kwa uzazi, na tukishuka Jiweni, kwa kuwa kule kwenye nyufa kuna kinyesi cha popo na cha ndege, aliichukua yote akailoweka kwenye karai la dawa ya klorini, ileile ya kuua vijidudu pale zahanati. Alfajiri utaikuta imeanikwa kwenye waya nyuma ya nyumba, imepangwa kwa rangi. Vifaa vyetu vyote vilinuka wodi. Mzee wa Lango alikuwa akituona mbali anasema, "Hospitali imefika." Sisi tunacheka, naye Nesi anakaza uso. "Chekeni. Mwenzangu mmoja alikufa na tetanasi kwa sababu ya msumari mdogo tu."

Mdomo wake haukuwa na breki. Mama akilia kwa uchungu wa kuzaa alimwambia, "Lia baadaye, sasa sukuma." Siku yangu ya kwanza kukwama juu, miguu ikitetemeka kama cherehani, nikaanza kulia kwa sauti, nikaita mama yangu aliyekufa zamani. Nilisikia sauti kutoka chini, tulivu kabisa, ikiniita binti kwa Kikamba: "Mwiitu, mdomo haushiki jiwe. Nyamaza uangalie mguu wa kushoto." Nikaangalia. Kulikuwa na kishimo pale, cha kutosha dole gumba. Nikapanda nikilia bila sauti mpaka juu, na nilipofika hakunipongeza, aliniambia kamasi zinachafua kamba.

Mtu huyohuyo nilimkuta wodini, sikukuu, ameshika mkono wa mzee ambaye hakuwa na ndugu wa kumtazama. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Alikaa pale mpaka mzee akakata roho, kisha akamwosha yeye mwenyewe, akamchana nywele, akamfunga kidevu. Nilipomsifu alinifukuza. "Nenda nyumbani, watoto wako wako na njaa."

Alisali rozari kila siku, na bado tukifika chini ya Jiwe alivua viatu, akasimama kidogo, kichwa kimeinama. Katekista alisikia habari hizo akamwendea, ati Mama, hii ni ibada gani ya mizimu? Nesi akamjibu, "Hata kwako nikija navua viatu, na sijawahi kukuabudu." Katekista akaomba chai.

Kitu kimoja hakuweza: kukubali amekosea. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake na haukuwa na dawa. Siku moja alituongoza vibaya vichakani, tukazunguka mpaka tukatokea kwenye boma la watu tusiowajua, mbwa wanatukimbiza. Mimi nimechanika, jua linachoma. Nikamwambia, "Nesi, tumepotea." Akaangalia huku, akaangalia kule. "Hatujapotea. Hiki kilima kimehama." Kijana wake alicheka akaketi chini kabisa. Yeye ndiye pekee aliyeweza kumcheka akiwa anasikia. Hata yeye alimwita Nesi kama sisi wengine, na siku nyingine alinong'ona kwangu, "Ukiona amenishika kamba, hapo ndio unajua ananipenda. Mahali pengine haonyeshi." Alikuwa kijana mpole, mikono imejaa grisi, anapenda soda na mandazi. Mama yake alimpigia kelele kila hatua: kaza, legeza, mguu uko wapi, unalala? Ila siku moja akiwa juu yetu, anapita mahali ambapo mimi sijawahi kupita bila kuvutwa, Nesi alisahau kwamba niko karibu. Alisema polepole, kwa Kikamba, kwamba mtoto huyu anapanda vizuri kumshinda yeye. Kisha akageuka akaniona na kunikemea, ati mbona nimesimama kwenye kamba.

Siku aliyoanguka mimi sikuwepo, nilikuwa nasuka bibi harusi. Mzee wa Lango ndiye aliyenisimulia, na alisimulia mara moja tu. Alisema kijana alipanda vizuri akapita mahali pagumu, akaweka mkanda wa juu, akasema neno la kuchekesha. Kisha akateleza. Chini kulikuwa na kibaraza cha jiwe. Mzee alikimbia kutoka langoni na alipofika alimkuta Nesi ameshampima mapigo ya moyo, amemfunga kidevu kwa kitambaa chake cheupe cha kichwani, anaiangalia ile pete tupu. "Hakufunga," akasema. Hakulia. Alirudia tena na tena, hakufunga, hakufunga, mpaka watu wakaja na machela.

Ukoo ukafunga lango. Jiwe limeua, na juu yake kumebaki kitu cha mtu. Sharti limevunjika, basi. Sasa mnaona hiyo ajabu? Hakuna kupanda kwa sababu mkanda umebaki, na mkanda utabaki kwa sababu hakuna kupanda.

Tangu hapo Nesi hakumsemesha Mama Mutheu. Wakikutana sokoni anapita na kiondo chake kama amepita nguzo ya stima. Kule Katangi watu wakamalizia wenyewe: mke ndiye aliyemnunulia pombe, mke alikuwa na mwingine, unajua wasichana wa siku hizi. Wateja wangu walisema hayo wakiwa wamekaa kwenye kiti changu, na Mama Mutheu akiingia wananyamaza wote, unasikia dryer peke yake. Siku moja aliketi nikamfumua nywele, akanitazama kwenye kioo. "Hakunywa," akasema. "Nilikaa na yeye hiyo harusi yote. Alikunywa Fanta, hata ilimwagika kwa shati. Nani ananiamini?" Nikamwambia mimi. Akasema, "Wewe haitoshi. Mtoto wangu ataenda shule aambiwe babake alikuwa mlevi na mamake alimuua." Nilisuka nikamaliza, na sikumtoza kitu siku hiyo.

Kitu kingine nilikiona, nikakipita. Nilipomtembelea Nesi baada ya matanga, ile harufu ya klorini haikuwepo. Waya ulikuwa mtupu. Nyuma ya nyumba palikuwa na jivu na plastiki iliyoyeyuka, buluu, nyekundu, kijani. Nikauliza mikanda iko wapi. "Nimechoka kufua," akasema, akaniletea chai.

Miaka ikaenda. Nyonga yake ikaanza kumsumbua, akawa anatembea akiyumba. Mvua ikakataa, ikakataa tena, mahindi ya Yatta yakakauka yakiwa na urefu wa goti, ng'ombe wakauzwa wakiwa mifupa. Wazee wa ukoo wakakaa, wakasema mvua haiwezi kuombwa pale juu na kile kitambaa kikipepea chini ya ithembo. Mzee wa Lango akatumwa kwa Nesi. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea sukari. Mzee hakukaa. Alisema, "Nesi, mje mtoe kitu chenu. Siku moja tu. Halafu tutaona kama lango litafunguliwa."

Nesi aliangalia nyonga yake, akaniangalia mimi. "Mwiitu, vidole bado viko?"

Nilimwambia nitafikiria. Haki ya Mungu niliogopa, na si kuanguka nilikoogopa. Jioni hiyo Mama Mutheu alikuja saluni nikifunga, habari zilikuwa zimemfikia tayari. Hakuniomba kwa machozi. Alisimama mlangoni akasema, "Ukifika pale uangalie. Chochote utaona, usiniletee uongo. Na yeye pia usimpelekee uongo." Nikajibu sawa.

Siku hiyo tulifika Jiweni mapema, Nesi juu ya pikipiki akishikilia nyonga, Mzee akitusubiri. Nilikuwa nimebeba mikanda michache ya zamani ambayo Nesi alinishonea enzi hizo, ilikuwa imekaa sandukuni kwangu. Aliiona kwa kiondo. Aliichomoa yote, akaitupa nyuma yake bila kuitazama. Kisha akatoa kwenye mfuko mikanda mipya iliyotoka Nairobi, bado imefungwa kwa nailoni ya duka. "Tumia hii. Haijaguswa na mkono wangu." Nilitaka kumuuliza kwa nini. Nilimwangalia usoni nikaacha.

Tulivua viatu, tukasimama kidogo, tukavaa. Nikapanda. Sitawachosha na kupanda, jiwe lilikuwa lilelile na mimi nimeongeza kilo. Nesi alishika kamba akiwa ameketi, mgongo kwenye mwamba, na kwa mara ya kwanza hakunipigia kelele. Ningeshukuru hata anitukane. Nilipita mahali pagumu, safari hii bila kuvutwa na mtu. Nikaufikia ufa.

Mkanda ulikuwa umekatika. Vipande viwili vilining'inia upande huu na upande huu wa kijiwe. Sehemu ya nje ilikuwa imepauka, nyeupe kabisa, na nikajiambia, ni jua, miaka yote hii nje, jua la huku linakula hata mabati. Nikaweka mkanda wangu, nikajifunga, nikapumua. Kisha nikang'oa kijiwe. Sehemu ya mkanda iliyokuwa nyuma yake, ndani kabisa ya ufa, bado ilikuwa buluu, nzuri, utadhani imenunuliwa jana. Nikaivuta kwa vidole viwili. Ikaachana.

Mimi hiyo naijua. Hakuna msusi asiyeijua. Mtu anajipaka dawa ya nywele nyumbani, inakaa muda mrefu, anaosha, anakuja kwako zinang'aa. Unapitisha kichana na nywele zinakuja zote na kichana, bila maumivu, bila kelele. Kwa macho huoni kitu. Ni vidole ndivyo vinavyojua zimeungua kwa dawa. Mishono ya Nesi ilikuwa mizima, mmoja mmoja, na kitambaa kilichoshonwa ndicho kilichokuwa kimekufa.

Nilikaa pale. Maji ya bwawa yalikuwa chini, mbali. Ningefungua mkono tu, kile kitambaa kingeenda na upepo, nikashuka nikasema kiliniponyoka. Nesi angebaki na maelezo yake na Mama Mutheu angebaki na yake. Niliufungua mkono kweli, nusu. Halafu nikawaza langoni Mzee atauliza, mmeacha nini, na huyu mama atajibu kwa mdomo wake.

"Umeona nini?" Nesi aliita.

"Nakuja."

Nilishuka nikiing'oa mikanda yangu mmoja mmoja. Alikuwa ameshanyoosha mkono kabla sijagusa chini. Nikampa. Aliweka vipande kwenye paja, akavipanga, akageuza, akapitisha ukucha kwenye mishono yake. Akachukua ile sehemu ya buluu, akaivuta. Ikaachana kwake pia. Akainusa, sijui alitafuta harufu gani baada ya miaka hiyo yote.

Nikaanza, "Nesi, kimekaa nje muda mrefu, hili jua..."

"Mwiitu. Jua halifiki kwa ufa."

Basi. Mzee wa Lango alisimama mbali kidogo akitazama miguu yake. Nesi akasema, si kwangu, sijui kwa nani, "Nilijua ile siku nilishika hiyo pete. Nilijua. Ndio nikachoma zingine." Sauti yake ilikuwa ileile ya zahanati ya kumwambia mtu majibu yake. Nilitaka kumshika bega na nilitaka kumpiga kofi, yote mawili, na sikufanya hata moja. Yule msichana amebeba mzigo huu mgongoni pamoja na mtoto, nikafikiria, na wewe ulikuwa unampita sokoni.

Langoni tulipindua viondo, pamoja na ile mikanda ya zamani niliyokuwa nimeiokota. Mzee akauliza, "Mmeacha nini?"

"Hatujaacha kitu," Nesi akajibu.

Kisha akaniambia, "Uko na namba ya Mama Mutheu. Mimi niliifuta. Nipigie."

Nikapiga, nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili.

"Mama Mutheu? Ni mimi. ... Ni mimi, nyanya wa mtoto. Mkanda umetolewa. Bwana yako alifunga vizuri. Mkanda ulikatika. Niliuharibu mimi na dawa ya kufua. Hakunywa, na wewe hukukosea." Alisikiliza muda mrefu, mdomo wazi kidogo. Akaitikia, "Ĩĩ," akaitikia tena, "Ĩĩ," akanirudishia simu. Ilikuwa imekatwa.

"Amesema nini?"

"Amesema nisimwambie yeye, yeye alikuwa anajua. Amesema nikaseme kanisani, kwa mikrofoni, vile nilisema ile siku." Akahangaika kuinuka, nikamshika kwapa. Tulitembea kidogo tukielekea pikipiki, kisha akasimama, akagusa kitambaa chake. "Kesho uko saluni? Unisuke. Siwezi kusimama mbele ya watu hivi."

Alikuja. Niliwaondoa wateja wengine, nikafunga mlango. Chini ya kitambaa kulikuwa na nywele chache, nyeupe, laini za mtoto, na upande mmoja kovu kubwa la kuungua ambapo hazioti tena. Nikauliza ni nini. "Dawa," akasema. "Nilikuwa msichana, nilitaka ziwe laini." Nilimsuka mistari midogo kuzunguka lile kovu, polepole, nikiogopa zitakuja na kichana. Hazikuja.

Jumapili baada ya matangazo aliinuka akaenda mbele akiyumba. Katekista alidhani ni mambo ya chama cha akina mama, akampa mikrofoni akitabasamu. Alisema maneno machache, yaleyale ya kwenye simu. Alipofika mahali pa kusema dawa ya klorini sauti ilimwishia, na Katekista, kwa huruma, akanyoosha mkono achukue mikrofoni. Nesi hakuiachilia. Alimaliza. Hakuna aliyesema amina, maana haikuwa sala.

Akarudi akipita katikati ya mabenchi. Watu walikuwa wanaangalia vitabu vya nyimbo. Mama Mutheu alikuwa ameketi pembeni, macho mbele, hakugeuka. Nesi alipokaribia, mama huyo alimnyanyua Mutheu akampakata, na pale mtoto alipokuwa amekaa pakabaki nafasi, ya kutosha mtu mmoja mwembamba.

Nesi alisimama hapo. Alipaangalia. Kisha akapita, akaenda nyuma kabisa karibu na mlango, na akasimama na ile nyonga yake mpaka misa ikaisha.